Kadi za wanyama za kuwafundishia watoto: nilikata kingo ndipo zikafaa

Huu ni mwezi wa tatu nazitumia na wanangu wawili, wa miaka 7 na wa miaka 5. Nilizinunua shilingi 18,000 duka la vifaa vya shule hapa Tanga. Ni kadi 60 na visanduku vitano: mamalia, ndege, reptilia, amfibia na samaki. Picha ni safi mno, magamba ya mamba unayahesabu, na kadi ni ngumu. Zimemwagikiwa uji mara mbili, nikafuta, zikabaki vilevile.

Kasoro yake ni rangi. Kila kadi ina ukingo wa rangi ya kisanduku chake. Siku ya kwanza mkubwa alipanga zote bila kosa, nikafurahi sana. Nikamuuliza, kinyonga umemwekaje humu? "Ana kijani, mama." Kumbe kinyonga mwenyewe hakumtazama! Usiku ule nilichukua mkasi nikakata kingo zote 60.

Kesho yake nikaficha na visanduku, nikawaambia wapange wanavyoona wao. Mdogo akaweka wanaouma huku na wasiouma kule. Kaka yake akatenga wa majini, wa nchi kavu na wanaoruka, popo akamtia pamoja na kunguru. Sikumsahihisha. Niliuliza tu: popo anataga? Anamlisha nini mwanawe? Wakabishana mpaka chakula kikapoa, mwisho wakamhamisha wenyewe.

Maelezo ya nyuma ya kadi yanahitaji kurekebishwa. Yanasema mamalia wana manyoya, na ndege wana manyoya. Kwa Kiswahili zote mbili ni sawa, lakini mtoto atatofautishaje? Mimi nimefuta kwa kalamu. Kwa mamalia nimeandika "wana nywele, wananyonyesha", na kwa ndege "manyoya, mabawa, mdomo mgumu". Tangu hapo hawajachanganya tena.

Halafu wanyama wetu ni wachache. Dubu yumo, pengwini yumo, kakakuona hayumo, na huyo ndiye anayefundisha kuliko wote: ana magamba karibu mwili mzima, ila anazaa na kunyonyesha. Nilimchora mwenyewe. Nikachora na nguva, mkubwa akamtupa kwa samaki moja kwa moja. Bibi yao, aliyekulia kwa wavuvi, akamwambia, "Mjukuu wangu, nguva ana maziwa, yako kwapani, mtoto wake ananyonya." Kadi ikahama papo hapo.

Wasio na uti wa mgongo hawana kisanduku kabisa, wakati mtoto wa Tanga anaona pweza na kaa kila siku sokoni. Nimetumia boksi la viatu. Humo tumetia pweza, kaa, konokono, na buibui pia. Tulipohesabu miguu tuliona buibui si mdudu kama sisimizi: yake 8, ya sisimizi 6. Kwetu nyumbani wote tulikuwa tukiwaita wadudu.

Kwa bei ile ningenunua tena. Ila ukifika nazo nyumbani, kata kingo kabla mtoto hajaziona.

Juzi mchana mdogo aligoma kula. Alitaka kwanza kujua dagaa anaingia boksi gani, maana ni mdogo mno kuwa na uti wa mgongo. Tukampasua mmoja kwa ukucha pembeni ya sahani. Alipouona ule uzi mweupe, aliuinua juu akamwonyesha kaka yake.