Nyimbo za "Ru": Tathmini ya Nyumba ya Karaoke kwa Wacheza Shiritori

Sikwenda kwenye nyumba hii ya karaoke, iliyo ghorofa ya tatu jirani na stesheni moja ya treni mjini Osaka, ili kupima sauti yangu, ambayo haina cha kupimwa. Nilikwenda kucheza shiritori ya nyimbo pamoja na marafiki watano, ambao wawili kati yao walisoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Osaka na hadi leo huniita kaka hata mbele ya Wajapani wenzao. Kwa hiyo nimeipima nyumba hii kwa jambo moja tu: inamsaidiaje mtu ambaye zamu imemfikia, wenzake wanahesabu sekunde kwa sauti, naye anautafuta wimbo unaoanza na silabi fulani?

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, shiritori ni kama kushika mkia. Mchezaji hutaja neno linaloanza na silabi iliyolimaliza neno la mwenzake, na atakayetaja neno linaloishia na "n" ameshindwa, kwa kuwa Kijapani hakina neno lake la asili linaloanza na sauti hiyo. Katika shiritori ya nyimbo, mahali pa neno hukaa jina la wimbo, nasi tukaongeza sharti kwamba lazima uuimbe walau ubeti wa kwanza na kiitikio. Mzungumzaji wa Kiswahili ana ahueni hapa, maana silabi za Kijapani karibu zote huishia na irabu kama zetu, na sikio lake halisumbuki kujua jina limekatikia wapi. Kinachomsumbua ni kujua kilichoandikwa kinasomwaje.

Chumba tulichopewa kina vishikwambi viwili vya kuagizia nyimbo. Ukichagua kutafuta kwa jina la wimbo, hufunguka jedwali la kana, yaani herufi za Kijapani za silabi, 46 za msingi zilizopangwa safu kwa safu, na ukigusa moja tu, mara moja huletewa orodha ya nyimbo zote zinazoanza na sauti hiyo. Ni msaada mkubwa, lakini una mitego yake, kwa sababu orodha hufuata matamshi na haijali jina limeandikwa kwa herufi gani. "UFO", wimbo wa Pink Lady wa 1977, umo chini ya "yu", maana Wajapani hulisoma neno hilo "yūfō". "Automatic" ya Hikaru Utada ya 1998 imo chini ya "o", nami niliihangaikia chini ya "a" hadi zamu yangu ikaisha, huku wale wawili wakinitazama kwa huruma ambayo sikuiomba.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kishikwambi hakijui mkia. Hukupa nyimbo zinazoanza na "re", lakini hakina njia ya kukuonyesha ni zipi kati ya hizo zinaishia na silabi itakayomtesa mwenzako, wala hakikuonyi kwamba "Lemon" ya Kenshi Yonezu, inayosomwa "remon" na ambayo tangu 2018 karibu kila mtu anaijua, huishia na "n" na itakutoa mchezoni papo hapo. "Robinson" ya Spitz ya 1995 ni vivyo hivyo. Pia hakisuluhishi ubishi wa sauti ndefu: "Runner", ya 1988, huishia na "nā", na chumba kizima kilibishana kama anayefuata ashike "na" au "a". Nashauri mambo ya namna hiyo yaamuliwe kabla vinywaji havijaletwa.

Sasa nije kwenye "ru", ambayo ndiyo iliyotupeleka pale. Maneno ya asili ya Kijapani hayaanzi na sauti za "r". Yanayoanza hivyo yametoka Kichina au lugha nyingine za kigeni, na "ru" ndiyo yenye machache mno, kiasi kwamba kumsukumia mpinzani "ru" mfululizo ni mbinu inayojulikana na kila mtoto wa shule. Katika nyimbo hali huwa mbaya zaidi. Shiritori ya kawaida hukubali nomino tu, lakini jina la wimbo laweza kuwa sentensi nzima, na vitenzi vingi vya Kijapani huishia na "ru". "Natsu ga Kuru" ya Maki Oguro ya 1994, yaani "kiangazi kinakuja", hukuachia "ru" mkononi. "Boku wa Kimi ni Koi o Suru" ya Ken Hirai nayo hufanya hivyo hivyo. Milango ya kuingia "ru" ni mingi, ya kutokea ni ya kuhesabu.

Ndipo nikakigundua kitu kinachoipa nyumba hii heshima yake: kitabu. Mapokezi, nyuma ya vikapu vya vipaza sauti, wamehifadhi orodha ya nyimbo ya karatasi ya zama za kabla ya vishikwambi, nene kama matofali mawili yaliyopandana, majalada yake yakiwa yameshikiliwa kwa utepe wa gundi. Majina yamepangwa kwa kana, na mbele ya kila jina pana mwimbaji, namba ya kuagizia na maneno machache ya mwanzo wa wimbo. Sehemu za "a" na "ka" hujaza kiganja, lakini "ru" ni kurasa chache tu, na pembe zake zimekunjika na kuingia weusi wa vidole kuliko kurasa za jirani. Ni dhahiri kwamba hatukuwa wa kwanza kukimbilia hapo.

Ubora wa kitabu ni kwamba jicho linaona kichwa na mkia kwa pamoja. Kwenye ukurasa mmoja niliweza kupitisha kidole na kupima silaha zangu. "Rubī no Yubiwa" ya Akira Terao, iliyotwaa tuzo kuu ya rekodi ya Japani mwaka 1981, huishia na "wa" na ni salama kabisa. "Ruriiro no Chikyū" ya Seiko Matsuda ya 1986 huishia na "u", na mpinzani akijibu kwa "Ue o Muite Arukō" ya Kyū Sakamoto ya 1961, ile iliyoongoza chati ya Marekani mwaka 1963 kwa jina la chakula, "Sukiyaki", anakurudishia "u" ileile, maana "kō" ya mwisho huandikwa kwa kana "ko" na "u". "Loop & Loop" ya Asian Kung-Fu Generation ni shambulizi la kweli, maana "loop" husomwa "rūpu" na huacha "pu". Lakini "Rūju no Dengon" ya Yumi Matsutoya ya 1975, ambayo mashabiki wa katuni za Studio Ghibli wote wanaifahamu, ni shimo lililofunikwa majani: inaanza na "ru" uliyoitamani na kuishia na "n".

Mnyororo wetu mzuri kuliko yote ulitoka kitabuni humo: "Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki", kisha "Kitaguni no Haru", kisha "Rubī no Yubiwa", kisha "Wakareuta", na ukiondoa huo wa Terao, zote ni za 1977. Rafiki yetu mmoja aliye chini ya miaka thelathini alilalamika kwamba tunamchezesha katika ujana wa mama yake, na malalamiko yake ni ya haki, kwani kitabu hakina chochote kipya; kwa nyimbo za miaka ya karibuni utarudi kwenye kishikwambi upende usipende.

Safu ya mwisho ya kitabu ni "wa"; ya "n" haimo. Mmoja wetu aliyenaswa na "Lemon" alijaribu kujiokoa kwa hila ambayo wachezaji wa Kijapani huipenda, ya kutaja N'Djamena au Ngorongoro, majina ya Afrika yanayoanza na "n" hiyo iliyokatazwa. Wote wakanigeukia mimi Mtanzania nitoe hukumu. Nikasema Ngorongoro ni kreta na mchezo wetu ni wa nyimbo, akanywa adhabu yake.

Kuhusu mengine, malipo ni ya kila mtu kwa kila nusu saa, mchana ni nafuu kuliko usiku, na kila mteja analazimika kuagiza walau kinywaji kimoja. Kipaza sauti kimoja kilikuwa kinakatika, mhudumu akakibadilisha upesi. Tatizo langu ni muda: kwa sharti la kuimba ubeti na kiitikio, saa mbili za watu sita ziliisha tukiwa bado na deni la "ru" mezani, na simu ya mapokezi ya kutukumbusha kwamba zimebaki dakika kumi ililia katikati ya zamu yangu. Chukueni saa tatu. Na kitabu hakiletwi chumbani bila kuombwa. Kipo kimoja tu, hivyo kiulizieni mnapojiandikisha, kabla kundi jingine halijakiwahi.