Seti ya mninga ya viti sita kutoka Keko: viti safi, uso wa meza umebanwa

Wanunuzi wengi wa meza ya chakula pale Keko, Dar es Salaam, huangalia rangi, hupitisha kiganja juu ya vanishi, kisha huuliza bei. Kwa mtihani huo seti hii ingefaulu mara moja. Ila kazi ya seremala inaonekana ukiinama na tochi ukaangalia chini ya meza.

Kwanza, mbao. Ni mninga kweli, si paini iliyopakwa rangi. Ukitaka uhakika, angalia upande wa chini usiopigwa vanishi na ukwangue kidogo kwa wembe: kahawia yenye wekundu inaendelea ndani, na michirizi myeusi haifutiki. Paini iliyopakwa rangi ukiikwangua tu weupe unatokea. Kasoro ni moja: ubao wa pembeni wa uso umeachiwa ukanda wa njano wa upana wa vidole viwili hivi. Huo ni weupe wa nje ya mti, si kiini. Kiini cha mninga hakisumbuliwi sana na wadudu, lakini weupe wake ni chakula cha bungua. Ukianza kuona unga laini sakafuni, ujue wameshaingia. Ukiagiza mpya, mwambie fundi aukate ukanda huo kabla ya kuunga mbao, au apake dawa ya wadudu kabla ya vanishi.

Meza ina urefu wa sentimita 180, upana 90 na kimo 76. Kila mtu anapata sentimita 60 za kukalia, watatu kila upande, viwiko havigongani. Uso ni mbao tano zilizoungwa ubavu kwa ubavu, unene sentimita 4, na peke yake unakaribia kilo 40, kwa hiyo kuibeba si kazi ya mtu mmoja. Fremu ya chini ina kina cha sentimita 10, inabaki nafasi ya 62 kwa magoti. Mafundi wengine huweka fremu ya inchi 6 ili meza ionekane nzito, na mtu mrefu anagonga mapaja kila akivuta kiti.

Viti ndiyo sehemu bora kabisa ya kazi hii. Kiti huanza kulegea pale ubao wa pembeni wa kikalio unapokutana na mguu wa nyuma, kwa sababu uzito wote wa mtu anayeegemea unavutwa pale. Karakana nyingi hupaka gundi na kupiga misumari miwili, basi. Hapa fundi amechonga ulimi wa sentimita 4 kwenye mwisho wa ubao na kuuchomeka kwenye tundu la mguu. Unene wa ulimi ni theluthi ya unene wa ubao, ndivyo inavyotakiwa: ukizidi, kuta za tundu zinapasuka, ukipungua, ulimi wenyewe unakatika. Kila pembe ya ndani ina kipande cha mbao cha pembetatu, kimetiwa gundi na skrubu mbili. Ukishika egemeo na kulisukuma kwa nguvu, hakuna mlio. Kikalio kina kimo cha sentimita 46, na kimefungwa kwa skrubu nne kutoka chini, kwa hiyo sponji ikichoka unakifungua na kubadilisha kitambaa bila kugusa mbao.

Sasa kosa kubwa. Uso wa meza umekazwa kwenye fremu kwa skrubu kumi, zote katika matundu ya duara yanayozibana kabisa. Mbao hutanuka na kusinyaa kwenye upana wake, si kwenye urefu. Mninga hucheza kidogo kuliko mbao nyingi, lakini uso wa sentimita 90 bado unasogea milimita kadhaa. Meza ikitoka kwenye unyevu wa Dar es Salaam ikapelekwa Dodoma kukavu, mbao zinataka kusinyaa, skrubu zinakataa, na ufa unafunguka kwenye kiungo au katikati ya ubao. Hapo watu hulaumu gundi, wakati gundi haina kosa.

Dawa yake ni kazi ya saa moja. Geuza meza juu ya blanketi, fungua skrubu. Zile mbili za katikati ya upana, moja kila mwisho wa meza, zirudishe kama zilivyokuwa. Matundu mengine ya kwenye fremu yarefushe kwa drili na tupa yafike milimita 10 hadi 12, kuelekea upana wa meza. Chini ya kichwa cha kila skrubu weka washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu), kaza mpaka washa iguse, usikaze zaidi. Ukiagiza mpya, dai hivyo tangu mwanzo, na uulize mbao zimekaushwaje, maana matundu marefu hayataokoa mbao mbichi.

Vanishi ni ya kupuliza, inang'aa, lakini msasa ulikatishwa mapema. Ukiangalia uso kutoka ubavuni dhidi ya dirisha, unaona viduara vya mashine karibu na kingo. Ilitakiwa namba 120, kisha 180, kisha 240, na 320 kidogo kati ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine. Sufuria ya moto itaacha doa jeupe, kwa hiyo weka kitu chini yake, au lipia vanishi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuifanya ikauke ngumu), ambayo huhimili joto zaidi.

Kiti kimoja kati ya sita kinayumba kwenye vigae, kama milimita 2. Usibandike kipande cha raba. Kiweke mahali palipo sawa kabisa, chomeka kadi chini ya mguu unaoelea mpaka kitulie, pima unene wa kadi, kisha punguza kiasi hicho kwa msasa kwenye mmoja wa miguu miwili iliyo jirani na ule unaoelea, kidogo kidogo, ukikijaribu kila mara.