Debian 12 genericcloud: imeji ya mashine pepe inayowahi kuwaka

Karibuni, watazamaji wangu, kutoka hapa Mbeya. Leo nachambua imeji (faili ya diski yenye mfumo uliosakinishwa tayari) ya Debian 12, mfumo wa Linux, iitwayo genericcloud, kwa ajili yenu mnaoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi, kwenye KVM, teknolojia ya Linux ya kuziendesha. Umeme ukikatika na kurudi, seva zote zinaanza upya, na mteja pale Mwanjelwa amesimama kaunta anasubiri risiti. Muda wa kuwaka ni pesa ya mtu.

Ubora wake ni kwamba imeondolewa draiva (programu za kuendesha vifaa) za vifaa halisi ambavyo mashine pepe haina, hivyo ni ndogo kuliko ndugu yake, generic. Diski na kadi ya mtandao ziwe za virtio, yaani vifaa pepe vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe.

Sasa tazameni hapa. Ikiwa bado inachelewa, msikimbilie kununua RAM. Andikeni amri ya systemd-analyze critical-chain, inayopima uwakaji. Wengi huishia kwenye systemd-analyze blame, inayoorodhesha muda wa kila huduma. Lakini huduma nyingi huwaka kwa pamoja, kwa hiyo iliyo juu ya orodha huenda haijamchelewesha yeyote. Hii critical-chain ndiyo inaonyesha nani alikuwa anamsubiri nani.

Mara nyingi utamkuta systemd-networkd-wait-online, huduma inayosubiri mtandao uwe tayari. Mashine ikiwa na kadi mbili za mtandao, moja haijaunganishwa popote, huyu anaweza kuisubiri hadi sekunde 120. Dakika mbili nzima, jamani, na diski haina kosa lolote! Fungua faili ya netplan, yenye mipangilio ya mtandao, iandikie kadi hiyo optional: true. Hapa ndipo nimeona faida kubwa kuliko pengine pote. GRUB, programu inayoanzisha mfumo, nayo kwa kawaida husubiri sekunde 5 kwenye menyu yake. Seva isiyo na mtu wa kuchagua menyu iwekee muda huo kuwa 0 (GRUB_TIMEOUT=0) kwenye /etc/default/grub, kisha endesha update-grub.

Kinachowasumbua wageni: imeji hii haiji na nenosiri. Lazima uiandalie kwanza mipangilio ya cloud-init, programu inayoisanidi mashine inapowaka mara ya kwanza, la sivyo hutaingia. Kwangu huo ni usalama, siulalamikii. Mashine ikishatulia, unaweza kuizima cloud-init kwa kuunda faili tupu /etc/cloud/cloud-init.disabled. Ila nawasihi, msifanye hivyo kwenye imeji mama mnayonakili, maana cloud-init ndiyo huipa kila nakala jina lake na funguo zake za SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali.