Kabati la alumini kwa modeli za ndege: uzoefu wangu hapa Unguja

Kama una modeli za ndege na unaishi visiwani, achana na kabati la dukani la MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi. Mtafute fundi alumini akutengenezee. Hilo ndilo jibu langu kwa wenye haraka. Wenye nafasi waendelee, maana kabati langu lina ila zake, na lipo jambo moja ambalo hakuna fundi atakayekutengenezea.

Langu nimelitoa kwa fundi wa Mwanakwerekwe, kwa shilingi laki saba na nusu, taa mbali. Lina urefu wa mita 1.9, upana mita 1.2 na kina sentimita 45. Kina hicho ndicho tulichovutania. Yeye amezoea makabati ya vyombo na ya maduka ya simu, ambayo huyakatia sentimita 30, na alitaka kukata hivyo hivyo ili alumini isimpotee. Nikamwekea Dakota juu ya meza yake ya kazi. Dakota ya kweli, yaani Douglas DC-3, ina mabawa ya mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1/72, yaani modeli ndogo mara 72 kuliko ya kweli, inakuja sentimita 40. Kwenye rafu ya 30, ukitaka ubavu wake uonekane, ungeiweka mshazari, na ndege moja ya mshazari hula nafasi ya ndege tatu. "Kumbe ni kubwa hivi, Maalim," akasema, akachukua futi yake akaanza upya. Kwa hiyo ukienda kwa fundi usiende na karatasi ya vipimo peke yake. Nenda na ndege yako kubwa kuliko zote.

Zangu ni ndege zilizoruka anga ya Afrika Mashariki, hasa za East African Airways, shirika lililoanza 1946 na kufa 1977 pamoja na Jumuiya ile ya kwanza. Mfalme wa kabati ni Super VC10. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 52 na kitu. Kwa 1/144 ni sentimita 36, mabawa 31. Ina injini nne zote mkiani, na ubavuni nimebandika herufi za 5H, alama ya ndege zilizosajiliwa Tanzania (5Y ni Kenya, 5X Uganda). Wageni wangu wa rika langu huisogelea hiyo kabla ya kukaa.

Kwa nini alumini? Mchwa, kwanza. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa hapa. Pili, MDF ikipata masika yetu huvimba miguuni kama andazi, na hata ikiwa kavu hutoa mvuke wa kemikali za gundi yake, mvuke ambao ndani ya kabati lililofungwa hauna pa kwenda. Tatu ni chumvi ya bahari: bawaba za chuma cha kawaida hupata kutu hata kama nyumba yako iko mbali na pwani.

Ila alumini nayo ina mtego wake, nao ni silikoni. Fundi akishapachika vioo hufungia kwa silikoni, na ile ya bei nafuu ukiinusa inanuka siki. Hiyo ni asidi ya siki yenyewe, inatoka silikoni inapokauka. Plastiki haidhuriki sana, lakini modeli nyingi zina vipande vya chuma laini chenye madini ya risasi ndani yake, mara nyingi miguu ya kutua, na risasi na asidi hiyo haviivani. Fundi alinishushia kabati jioni, harufu bado inapasua pua, akaniambia nipange vitu vyangu usiku ule ule. Nikaliacha milango wazi mpaka harufu ikaisha kabisa, mke wangu akiuliza kila siku kama tumenunua kabati la kutazama au la kuhifadhia.

Na kwa kuwa nimegusa risasi, niseme la pua ya VC10. Modeli yake, kwa uzito ule wa nyuma, hukaa kitako usipoitia kitu puani. Watu wengi hutia chubwi za kuvulia samaki wakazigandisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo nayo hutoa asidi ile ile. Risasi huliwa polepole, hugeuka unga mweupe, unga huvimba, na miaka ikipita pua inapasuka yenyewe ndani ya kabati bila ya mtu kuigusa. Unyevu wa kwetu unaharakisha. Tia epoksi, au tumia vipande vya chuma kisichokuwa na risasi.

Sasa unyevu, ambao ndio mtihani wa kabati lolote la hapa. Nimeweka kipima unyevu kidogo cha betri ndani na kingine ukumbini. Masika yakikolea, cha ukumbini kinakaa asilimia themanini na kitu. Ukungu huanza kushika ukipita 65 au 70 hivi, na kwenye modeli unauona kwanza kama vumbi la kijivu kwenye rangi isiyong'ara, kisha vidoa. Makumbusho mengi duniani hulenga kati ya 40 na 60. Kabati langu lilipokuja halikufika huko, na sababu ilikuwa milango. Nilikubali milango ya kuteleza kwa kuwa chumba ni chembamba, na kioo kimoja kinapopita mbele ya kingine pale kati panabaki upenyo. Unyevu unaingia hapo, na vumbi jeupe la kifusi cha barabarani pia, ambalo kwenye ndege iliyopakwa buluu ya kuiva linaonekana kutoka mlangoni.

Dawa yake mafundi wenyewe wanayo: ile brashi ndefu ya manyoya wanayotia kwenye madirisha ya kuteleza. Ilitakiwa iwepo tangu mwanzo. Kumpata fundi arudi kuitia ndipo nilipomkata nyota. "Nipo njiani, Maalim, nimeshafika Amani," na nyuma ya sauti yake nasikia msumeno wa alumini unalia. Alipokuja hatimaye kazi ilikuwa ya dakika chache, na hakunidai senti. Kazi yake ni safi, riveti zimenyooka, kioo cha rafu ni cha milimita 5 na hakijapinda. Ahadi zake tu ndizo zinazoteleza kuliko milango.

Baada ya brashi nikatia silika, zile punje zinazonyonya unyevu na kubadilika rangi. Chukua ya rangi ya chungwa. Ile ya buluu inayogeuka waridi imetiwa kobalti, ambayo ni sumu, na kwenye nyumba yenye wajukuu haina haja. Zikishiba maji unazikausha kwenye ovena kwa nyuzi kama 120 na zinarudi kazini, lakini zitengee sahani yake isiyopikiwa chakula. Kwa silika na brashi, ndani ya kabati naona 55 hadi 60 hata nje kukinyesha. Wapo wanaopendekeza kiyoyozi au mashine ya kukausha hewa. Ni vizuri, ila aliyeishi hapa kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokatika Unguja nzima kwa karibu miezi mitatu, hawezi kuukabidhi mkusanyo wake kwa waya.

Jua: weka kabati ukuta usiopigwa na jua, basi. Kioo cha kawaida hakizuii mionzi yote inayofubaza rangi na kugeuza stika za maji kuwa njano. Cha kuchekesha ni kuwa karatasi ya stika iliyokwisha kuwa njano kabla ya kubandikwa husafishwa na jua hilo hilo, ukiifunga kwenye mfuko wa plastiki ukaibandika dirishani. Na kwa nyumba za mawe za Mji Mkongwe, usiligandamize kabati ukutani. Kuta zile hunyonya maji, acha upana wa mkono mgongoni. Taa za LED hazina tatizo, mradi kile kiboksi cha umeme kinachopata moto kikae juu ya kabati na si ndani.

Zisizoingia kabatini ziko kwenye maboksi ya plastiki yenye vifuniko vya kubana, ya Darajani. Haya nayapa alama zote. Sijaona mjusi kafiri ndani wala kinyesi chake, ambacho anayekijua anajua kinavyofanya kwenye rangi nyeupe. La kuangalia ni unachofungia. Sponji ya godoro kwa joto letu huoza ikanata kwenye modeli. Plastiki ya mapovu huacha alama za duara kwenye rangi. Mipira laini ya magurudumu usiiache igusane na plastiki ngumu kwa muda mrefu, maana huiyeyusha polepole. Mimi natumia bafta, kitambaa kile cheupe cha sanda, iliyofuliwa bila ya sabuni ya harufu. Mke wangu alinikuta nazifunga akauliza kama na sala tutaziswalia.

Nije kwenye lile ambalo fundi hatengenezi. Kabati langu limejaa, na umri wangu nao si wa kununua kabati la pili kwa ajili yangu. Binti yangu alinisaidia kupanga, akauliza kwa adabu, "Baba, baadaye hizi tunazipeleka wapi?" Swali la haki. Yeye anakaa chumba na ukumbi, kaka yake yuko Maskati. Ndege zilizokwisha kuungwa haziuziki kwa bei ya maana na hazisafiri vizuri. Bawa hukatika kabla ya kifurushi kuvuka bahari. Zenye bei ni zile ambazo hazijafunguliwa, boksi zima, vipande vyote, na hizo nimeziandikia wazi kuwa ni za kuuzwa, wasije wakazigawa kwa watoto wa jirani kama midoli.

Wengi hufikiria wasia. Sisi Waislamu wasia una mipaka: hauzidi theluthi ya mali, na haumwendei mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Ukimwandikia mwanao mmoja ndege zote kwa sababu ndiye anayezipenda, umewatia wengine katika mazungumzo ambayo pengine hawayataki. Hiba ukiwa hai ni nyepesi zaidi: unatoa kwa mkono wako, anayepokea anapokea, na kabati linapumua. Ipo pia njia ya wakfu, na hapa Zanzibar tuna Kamisheni nzima inayoshughulikia hayo, ingawa kwa ndege za plastiki nimeona haya kwenda kukaa kwenye benchi lao.

Makumbusho? Niliyawaza, na sina neno baya nayo. Lakini makumbusho hupokea kile kinachoingia katika hadithi yanayoisimulia, na hutaka kujua kitu kimetoka wapi. Halafu sote tuliona Beit al-Ajaib lilivyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Jumba la 1883, lililokuwa makumbusho ya vitu vya thamani kuliko Dakota yangu. Siwezi kusema "makumbusho" nikalala.

Kilichonisaidia zaidi kuliko kabati ni daftari. Kila ndege ina namba ndogo chini ya tumbo, na kwenye daftari namba hiyo ina picha, jina la ndege ya kweli, kipimo, mwaka niliounga, rangi niliyotumia na kama puani mna risasi. Asiyejua lolote kuhusu ndege anaweza kulisoma akajua ameshika nini. Nilipolipeleka skuli moja hapa mjini, nikitaka kuwapa baadhi ya ndege, mwalimu mkuu alilisoma kabla hajatazama picha, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Skuli nyingine niliyoijaribu kabla yake, bila ya daftari, walinishukuru wakanionyesha juu ya kabati la faili, jua la alasiri likipiga moja kwa moja. Nikaaga.

Masharti ya mwalimu mkuu yalikuwa ya busara: ndege zije na kabati lao, liwe na kufuli, na mwalimu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye msimamizi. Langu likawa moja: bawa likivunjika asipigwe mtoto, liungwe. Kundi la kwanza litakuwa la Dakota, Twin Otter na Comet. VC10 itabaki nyumbani kwa sasa, nisiulizwe kwa nini.

La skuli nimeagiza kwa fundi yule yule. Dogo, kina sentimita 45 tena, ila safari hii milango ya bawaba yenye mpira pembeni. Ufunguo mmoja utakaa ofisini, wa pili kwa mwalimu wa fizikia. Amesema laki nne bila ya taa, na silikoni isiyonuka siki ameipata, inaongeza kidogo. Nimempa nusu. Nusu nyingine ataipata milango ikishafunga.