Kipima masafa: tazama kristali kabla ya tarakimu

Kipima masafa (frequency counter), yaani kifaa kinachohesabu mizunguko ya wimbi la umeme kwa sekunde, hata kikiwa cha bei ndogo huonyesha tarakimu nane. Swali ni ngapi kati yake ni za kweli, na hilo huamuliwa na kristali inayoendesha saa ya ndani. Kristali ikikosea sehemu 10 kwa milioni, redio ya 145 MHz inasomeka ikiwa na kosa la Hz 1,450, hata kama kioo kinafika hadi Hz moja.

Chaguo letu la kwanza ni HP 53131A ya mtumba. Hutoa tarakimu 10 kwa sekunde, hufika 225 MHz, na ina tundu la kuingiza 10 MHz kutoka nje. Tafuta yenye kristali ya oveni, yaani OCXO: kristali inayowekwa kwenye joto lisilobadilika. Ya kawaida huyumba joto la chumba likibadilika. Ukiiunganisha na chanzo cha 10 MHz kinachoongozwa na GPS, uzee wa kristali haukusumbui tena.

La pili ni kipima chochote cha mezani chenye OCXO. Kiache kipate moto angalau nusu saa kabla ya kukiamini.

La tatu, cha mkononi chenye TCXO, yaani kristali inayofidiwa mabadiliko ya joto, ya sehemu 1 kwa milioni. Kwa fundi wa redio za VHF kinatosha: kosa ni Hz 145 hivi.

Mwisho kabisa ni bodi tupu inayohesabu mizunguko moja kwa moja. Ikihesabu kwa sekunde moja, hukosea mzunguko mmoja juu au chini. Kwenye umeme wa 50 Hz hiyo ni asilimia 2, na kristali nzuri haiponyi hilo. Vipima bora hupima muda wa mzunguko, kisha hukokotoa masafa.

Usomaji ukiruka hadi karibu mara mbili, mara nyingi ni kelele: wimbi linavuka kizingiti zaidi ya mara moja. Washa kichujio kinachopitisha masafa ya chini tu au punguza unyeti. Redio ya wati 5 usiichomeke moja kwa moja, utaunguza mlango wa kuingizia. Weka kipunguzi (attenuator, kifaa cha kudhoofisha wimbi) cha dB 40 kinachohimili wati hizo.

Muuzaji akichomeka 10 MHz ya kipima hichohicho kwenye chaneli yake, kioo kitaandika 10.000000 bila kasoro. Hapo saa inajipima yenyewe. Dai chanzo kingine.