Kifurushi cha Mbeya: Posta au basi?

Kwa kasi, basi linashinda. Unaupeleka mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, jioni. Kesho yake ndugu yako anaufuata Mbeya kwa kutaja jina na namba ya simu. Posta, hata kwa EMS (huduma yake ya haraka), ina dirisha, fomu na saa za kazi.

Ila ukipotea? Hapo ndipo mizani inapogeuka. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka anayesafirisha vifurushi kwa malipo awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), basi likiwemo. Aliye nayo ana mdhibiti wa kulalamikiwa. Ukimkabidhi konda bahasha dirishani bila risiti (nani hajawahi?), ushahidi wako ni sura yake tu, na zamu hubadilika. Posta inakupa stakabadhi na namba ya kufuatilia mzigo.

Vyeti vya shule na hati ya kiwanja mimi napeleka Posta. Maparachichi yaje kwa basi, lakini kwa kampuni inayoandika risiti yenye thamani ya mzigo.