Boya la Pontuni Linaingiza Maji: Vijiti, Epoksi au Fundi wa TIG?

Karibuni tena, wapendwa watazamaji. Leo mezani tuna bidhaa tatu zinazouzwa kwa kuziba maboya ya alumini ya boti za pontuni, yaani boti zenye sakafu tambarare inayoelea juu ya maboya marefu: vijiti vya kuyeyusha kwa tochi ya gesi, donge la epoksi la J-B Weld WaterWeld, na epoksi ya majimaji ya G/flex 650 kutoka West System. Tutazilinganisha na kazi ya fundi wa TIG, yaani welding ya umeme inayokingwa na gesi. Nyinyi mlio Minnesota, Michigan au Ontario, mnaonunua pontuni zilizokwishatumika, kaeni karibu.

Ila tuelewane kwanza: gundi haina faida kama hujui maji yanapita wapi, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza pesa.

Boya la kawaida ni mrija wa kipenyo cha sentimita 60 hivi, bati lake milimita 2 hadi 3, na ndani limegawanywa vyumba kwa kuta za alumini. Chumba cha urefu wa mita 2 kikijaa kinabeba lita 560, yaani zaidi ya nusu tani. Boti ikiwa juu ya trela, inua pua, kisha gonga boya kwa vifundo vya vidole kuanzia juu kwenda chini. Penye hewa panalia, penye maji panatoa mlio mzito. Fungua kizibo cha nyuma umwage yote. Boya lisilo na kizibo, toboa tundu la milimita 11.5 upande wa juu wa chumba, pitisha mpira mwembamba unyonye maji, halafu vuta kwenye tundu hilo valvu ya mpira ya tairi la gari. Itakufaa kwa kupima, na unaweza kuiacha hapohapo na kifuniko chake.

Sasa presha, na hapa naomba msikilize vizuri. Ili kutafuta tundu tunajaza chumba hewa ya bar 0.15 hadi 0.2, yaani psi 2 hadi 3, basi. Kwa bar 0.2, kifuniko cha mwisho cha boya la sentimita 60 kinasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 570. Ukiunganisha kompresa ya gereji ukaiachia, utapasua kuta za ndani ambazo hutaziona tena. Geji ya tairi haisomi presha ndogo namna hii. Tafuta ya bar 0 hadi 0.5. Pima asubuhi na mapema, kivulini, kwa sababu jua likipasha hewa ya ndani nyuzi 10, presha inapanda kama bar 0.04 na kuficha tundu dogo.

Changanya sabuni ya vyombo sehemu moja kwa maji sehemu kumi, nyunyiza taratibu. Anzia kwenye mabano yanayoshika sakafu juu ya boya, maana bati linachezacheza hapo kila wimbi na welding inachoka pembeni. Kisha mshono wa pua, reli ya chini inayogonga mawe ufukweni, na pale boya linapolalia mbao za trela. Mbao zenye dawa ya shaba, zikilowa chini ya zulia, zinaila alumini hadi inatoboka matundu ya ncha ya sindano.

Tazama hapa, nasogeza kamera. Hili si povu kubwa. Ni shanga nyeupe ndogondogo zinazokua polepole ukingoni mwa welding ya bano. Ungepita haraka usingeiona. Kila sehemu ipe nusu dakika. Na kama geji inashuka lakini hakuna povu popote, hamishia geji chumba cha jirani. Presha ikipanda kule, ukuta wa ndani ndio umepasuka, na hakuna gundi ya nje itakayoufikia.

Haya, bidhaa. Vijiti hivi vya mchanganyiko wa zinki na alumini vinayeyuka kwenye nyuzi 390 hivi. Kwenye kipande kidogo mezani vinapendeza. Kwenye boya lenyewe, bati kubwa linatawanya moto kuliko tochi inavyoweza kuleta, na maji yaliyobaki ndani yanazidi kuupoza. Alumini nayo haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo anayeongeza moto anashtukia ameshatoboa. Tena kwenye maji ya chumvi zinki inaliwa kabla ya alumini. Kwa maboya, hatuvipendekezi.

WaterWeld unaikanda kwa vidole mpaka rangi iwe moja, inashika ndani ya dakika 15 hadi 25, na inakubali hata chini ya maji. Ni ya dharura: ukiwa katikati ya ziwa, irudishe boti ufukweni. Ikikauka ni ngumu, haina mnyumbuko, hivyo kwenye bano linalocheza itabanduka.

G/flex ndiyo iliyotushawishi, kwa matundu ya kutu na nyufa fupi kwenye bati tambarare. Unachanganya resini na kigumisho chake kwa kipimo sawa, na una kama dakika 45 kikombeni kwenye nyuzi 22. Siri ni maandalizi. Sugua kwa msasa namba 80 mpaka alumini ing'ae, futa kwa asetoni, paka epoksi nyembamba, halafu sugua tena ikiwa bado mbichi. Alumini inajifunika oksaidi mara tu inapoguswa na hewa. Ukisugua chini ya epoksi, hewa haifiki. Utaona epoksi inageuka kijivu, ndivyo inavyotakiwa. Kwenye ufa, toboa milimita 3 kila mwisho ili usiendelee. Tundu kubwa lipe tabaka mbili za kitambaa cha faiba, zikizidi kingo kwa sentimita 5. Iache saa 24, kisha ipake rangi kwa sababu jua linaidhoofisha. Rangi yenye shaba usiikaribishe kabisa kwenye alumini.

Mabano na mishono mikubwa mpe fundi wa TIG. Muulize anatumia waya gani wa kujazia mshono. Kwa bati la aloi ya alumini namba 5052, ambalo ndilo la kawaida kwenye maboya, jibu tunalotaka ni waya namba 5356. Chumba kiwe kikavu, na kizibo au valvu iwe wazi, la sivyo hewa iliyopata moto itapuliza kupitia welding ikiwa bado uji. Kama ndani kuna povu gumu la plastiki la kusaidia boya kuelea, mwambie kabla hajawasha, kwa kuwa linashika moto na moshi wake ni sumu.

Baada ya njia yoyote, rudisha bar 0.15 na sabuni, siyo kwenye ulipoziba tu. Kabla ya baridi ya kwanza, fungua vizibo vyote uache boya wazi kidogo pua ikiwa juu, kwa sababu lita chache zilizoganda zinatosha kufungua mshono mpya.